Barrier inasema imeunganishwa, lakini mausi inafanya kazi kwenye baadhi ya madirisha tu (Windows 11 na Ubuntu 22.04)

NuruYaData ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada wa kutumia kibodi moja na mausi moja kwenye kompyuta mbili.

Vifaa ni hivi. Kompyuta ya mezani ina Windows 11. Ndiyo yenye kibodi na mausi ya USB, na ndiyo seva. Kulia kwake ipo laptopu ya Ubuntu 22.04, ndiyo klayenti. Zote zina Barrier 2.4.0, programu ya kushirikisha kibodi na mausi kupitia mtandao, na zipo kwenye Wi-Fi ya ruta moja. Seva ni 192.168.1.20, laptopu ni 192.168.1.35. Jina la seva ni MEZANI, la laptopu ni mpakato.

Matatizo:

1. Nikiweka tiki ya SSL (ya kusimba mawasiliano), logi inatoa "ssl certificate doesn't exist" na haziunganishwi kabisa. Nikiitoa, zinaunganishwa mara moja. Sitaki kuiacha hivyo kwa sababu kibodi hiyo hiyo ndiyo ninayoandikia nywila.

2. Logi ya laptopu inasema "connected to server", mshale unatoka Windows ukivuka ukingo wa kulia. Ukifika Ubuntu, VS Code na programu moja ya zamani ya uhasibu iliyoandikwa kwa Java zinapokea mibofyo na herufi. Teminali, Files na Mipangilio haziitikii chochote.

3. Mshale unasuasua ukiwa upande wa laptopu, hasa jioni nyumba ikiwa na watu wengi kwenye mtandao. Unasimama kidogo, halafu unaruka.

4. Kule Windows, Task Manager ikiwa mbele, mshale hauvuki kwenda laptopu hata niusukume vipi.

Nimeshasakinisha upya pande zote mbili, hali ni ile ile. Je, ni Barrier mbovu au kuna kitu cha kurekebisha?

---

fundi_waya amejibu:

Mkuu, nianze na namba 2, maana hiyo haina uhusiano wowote na mtandao na hutaimaliza kwa kusakinisha upya. "Connected" kwenye logi ina maana kwamba mashine mbili zinazungumza kupitia poti 24800. Haisemi lolote kuhusu kama Ubuntu inakubali mshale wake uendeshwe na programu nyingine. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwako la kwanza limefaulu, la pili limekwama.

Barrier huingiza miondoko ya mausi na herufi kwenye Linux kwa njia ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, kupitia nyongeza iitwayo XTest. Ubuntu 22.04 kwenye kompyuta nyingi hufunguka na Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X11. Chini ya Wayland programu moja haina ruhusa ya kujifanya mausi na kubofya ndani ya programu nyingine, na imezuiwa makusudi kwa ajili ya usalama. Ila programu za zamani za X11 hupitishwa kwenye XWayland, ambayo ni seva ya X11 inayoendeshwa ndani ya Wayland, na humo XTest bado inasikika. Kwa hiyo VS Code na ile ya Java zinaitika, na Teminali, Files na Mipangilio, ambazo zinaongea Wayland moja kwa moja, hazipati kitu.

Hakikisha kwanza kabla ya kugusa chochote:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Ikijibu `wayland`, basi ndiyo hiyo. Ukitaka kuiona kwa macho, andika `xlsclients`. Itakupa orodha ya programu zinazopitia X11 peke yake, na utakuta orodha hiyo inalingana na zile ambazo mausi inafanya kazi.

Dawa ya haraka: toka kwenye akaunti, bofya jina lako kwenye skrini ya kuingia, na *kabla* ya kuandika nywila tazama pembe ya chini kulia. Kuna alama ya gia. Hujitokeza tu ukishabofya jina, ndiyo maana wengi hawaioni. Chagua "Ubuntu on Xorg" (Xorg ndiyo seva ya X11), ingia, rudia ile amri ya `echo`. Sasa inatakiwa ijibu `x11`. Washa Barrier ujaribu Teminali.

Ukitaka iwe hivyo siku zote, fungua faili:

`sudo nano /etc/gdm3/custom.conf`

Tafuta mstari `#WaylandEnable=false`, ondoa alama ya `#`, hifadhi, zima laptopu na uiwashe tena. Usikimbilie `sudo systemctl restart gdm3` kama una kazi imefunguliwa, kwa sababu inafunga kila kitu bila kuuliza.

---

Bi_Seva amejibu:

Naongezea kuhusu SSL, na umefanya vizuri kutoiacha imezimwa. Bila SSL kila herufi inayokwenda laptopu inapita hewani ikiwa wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao huo huo. Nyumbani kwenye Wi-Fi ya watu wengi hilo si jambo dogo.

Kosa hilo linamaanisha faili la cheti, `Barrier.pem`, halipo pale programu inapolitafuta. Barrier inatakiwa ilitengeneze yenyewe, na mara nyingine inashindwa kimya kimya. Kuanzia toleo 2.4.0 seva nayo inaweza kudai cheti cha klayenti, kwa hiyo tengeneza kwa pande zote mbili, kila mashine na cha kwake.

Kwenye Ubuntu:

`mkdir -p ~/.local/share/barrier/SSL/Fingerprints`
`cd ~/.local/share/barrier/SSL`
`openssl req -x509 -nodes -days 3650 -subj /CN=Barrier -newkey rsa:2048 -keyout Barrier.pem -out Barrier.pem`
`chmod 600 Barrier.pem`

Kwenye Windows folda ni `%LOCALAPPDATA%\Barrier\SSL`. Ibandike hivyo hivyo kwenye Explorer itafunguka. Windows haiji na openssl, lakini kama una Git imesakinishwa, fungua Git Bash, ingia kwenye folda hiyo na utumie amri ile ile, ila pale kwenye subj andika `-subj //CN=Barrier` kwa mikwaju miwili, la sivyo Git Bash inaigeuza kuwa njia ya folda na openssl inalalamika. Huna Git? Tengeneza faili la pili kwenye Ubuntu ndani ya folda nyingine, lihamishe kwa flashi, kisha ulifute kwenye flashi. Ndani ya faili hilo mna ufunguo wa siri, si cheti peke yake.

Baada ya hapo fungua Barrier, toa tiki ya SSL, hifadhi, irudishe, hifadhi tena, ili isome cheti kipya. Anza seva kwanza. Laptopu itakuonyesha alama ya utambulisho wa seva, ule mstari mrefu wa herufi na namba, na kukuuliza kama unaiamini. Fungua dirisha la Barrier kule Windows ulinganishe na ile inayoonyeshwa pale. Zikifanana, kubali. Usikubali bila kutazama. SSL yote inasimama juu ya huo ulinganisho.

Siku ukitengeneza cheti kingine, laptopu itaikataa seva kwa kuwa alama imebadilika. Futa mstari wa zamani ndani ya `Fingerprints/TrustedServers.txt` ukubali upya. Upande wa seva faili linalofanana na hilo ni `TrustedClients.txt`.

---

gonga_enta amejibu:

Mambo mengi ya nini? Zima fayawoli ya Windows yote, na kama bado inasuasua nunua swichi ya KVM (kifaa cha kuhamisha kibodi na mausi kati ya kompyuta) yaishe.

---

kebo_na_poti amejibu:

@gonga_enta kuzima fayawoli hakutasaidia hapa. Mwenzetu tayari anaunganishwa, maana yake poti 24800 iko wazi. Kusuasua ni suala la redio, na fayawoli haiongezi kasi ikizimwa, unabaki tu na kompyuta iliyo uchi.

@NuruYaData, mausi ni kazi nyepesi kwa mtandao, data yake ni kidogo mno. Inachohitaji ni kila pakiti ifike kwa wakati. Filamu ina akiba ya sekunde kadhaa mbele, kwa hiyo pakiti ikichelewa robo sekunde huoni. Mshale hauna akiba. Pakiti zikichelewa robo sekunde unasimama, zikifika zote pamoja unaruka, na hicho ndicho unachokiona.

Pima kwanza. Kwenye laptopu, jioni wakati tatizo lipo:

`ping -i 0.2 -c 300 192.168.1.1`

Weka anwani ya ruta yako kama si hiyo. Itachukua dakika moja. Usitazame wastani, tazama mstari wa mwisho kwenye namba za `max` na `mdev`. Wi-Fi tulivu huwa na mdev ya milisekunde chache. Ukiona max ya 200 au 300, umempata mhalifu.

Kisababishi cha kwanza kwenye laptopu za Ubuntu ni kadi ya Wi-Fi kulazwa ili kutunza betri. Angalia:

`iw dev` (upate jina la kadi, mfano wlp2s0)
`iw dev wlp2s0 get power_save`

Ikiwa imewashwa, izime kwa majaribio:

`sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`

Rudia ping. Namba zikishuka, ifanye ya kudumu: fungua `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, badilisha `wifi.powersave = 3` iwe `2`, kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Hapo 3 ni kuwasha na 2 ni kuzima. Watu huweka 0 wakidhani ndiyo kuzima, na 0 ni kuacha ilivyo kawaida.

Cha pili, kompyuta zako zote mbili ziko hewani. Kila mwondoko wa mausi unaruka kutoka Windows kwenda ruta, halafu ruta kwenda laptopu, yaani safari mbili za redio zinazogombania chaneli moja na simu zote za nyumbani. Ukichomeka hiyo ya mezani kwa waya kwenye ruta tu, safari moja imeondoka. Na ile iliyobaki ipeleke kwenye 5 GHz kama ruta inayo.

Ila kama kompyuta ziko meza moja, njia ninayoiamini kuliko zote ni kebo ya LAN moja kwa moja kati yao, bila kupita kwenye ruta. Kebo ya kawaida ya Cat5e ya mita 2 inatosha. Tundu za kisasa za gigabiti hujipanga zenyewe, huhitaji ile kebo ya kuvukisha nyaya. Intaneti inaendelea kupitia Wi-Fi kama kawaida, kebo inabeba mausi tu.

Windows, PowerShell ya msimamizi:

`New-NetIPAddress -InterfaceAlias "Ethernet" -IPAddress 192.168.50.1 -PrefixLength 24`

Ubuntu (badilisha enp3s0 kulingana na `ip link`):

`nmcli con add type ethernet con-name kebo ifname enp3s0 ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.50.2/24 ipv4.never-default yes`

Usiweke geti (gateway) popote. Ukiweka geti kwenye kebo hii, mashine itajaribu kutafuta intaneti huko na utaanza kulalamika mtandao umekufa. Kwa nini nimetumia 192.168.50 na si 192.168.1? Kwa sababu Wi-Fi tayari iko kwenye 192.168.1, na mitandao miwili yenye namba zile zile kwenye mashine moja inaifanya isijue ipitie wapi.

Sasa hapa ndipo fayawoli inapoingia. Mtandao usio na geti Windows inauita mtandao usiotambulika na kuuweka kwenye kundi la "Public". Barrier uliyoiruhusu kwenye "Private" tu itazibwa. Fungua poti hiyo kwa laptopu peke yake:

`New-NetFirewallRule -DisplayName "Barrier kebo" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 24800 -RemoteAddress 192.168.50.2 -Action Allow`

Kuhakikisha, usitumie ping. Windows kwenye "Public" haijibu ping hata kama kila kitu ni kizima. Windows kwanza:

`netstat -ano | findstr 24800`

Lazima uone LISTENING. Halafu kutoka Ubuntu:

`nc -vz 192.168.50.1 24800`

Mpangilio huo wa hatua una sababu. Fayawoli ya Windows hutupa kimya pakiti zinazokuja kwenye poti isiyo na programu inayosikiliza, kwa hiyo seva ikiwa imezimwa utaona "timed out" sawasawa na fayawoli ikiwa imeziba. Usipoanza na netstat utahangaika na sheria za fayawoli wakati seva haijawashwa.

Mwisho, kwenye Barrier ya laptopu andika 192.168.50.1 mwenyewe, usiiache ijitafutie seva. Kompyuta yenye VirtualBox au Docker inaweza kukuonyesha anwani kama 192.168.56.1 au 172.17.0.1 ambazo laptopu haiwezi kuzifikia.

---

fundi_waya amejibu:

Namba 4 ilibaki. Task Manager huendeshwa na mamlaka ya msimamizi. Windows hairuhusu programu ya mamlaka ya chini kunasa kibodi na mausi ya dirisha la mamlaka ya juu likiwa mbele, kwa hiyo Barrier haioni kama umefika ukingoni. Ingia kwenye mipangilio ya Barrier upande wa Windows, pale kwenye "Elevate" chagua "Always", hifadhi, anzisha seva upya. Hakikisha pia huduma iitwayo Barrier inaendeshwa ndani ya `services.msc`.

Na kabla hujaendelea, tazama taa ya Scroll Lock. Barrier huitumia kufungia mshale kwenye skrini moja. Ikiwaka, mshale hautoki kamwe.

Kuhusu KVM: swichi ya USB inafaa pale ambapo huwezi kusakinisha kitu, mfano laptopu ya ofisi iliyofungwa, au unapohitaji kibodi kabla mfumo haujafunguka, kama BIOS au nywila ya diski iliyosimbwa. Programu kama Barrier haifiki huko. Kwa mtu anayehama skrini moja kwenda nyingine kila baada ya dakika mbili akinakili maandishi, swichi inachosha, kwani kila kubadili ni kubonyeza kitufe na kusubiri USB itambulike upya.

---

NuruYaData amejibu:

Asanteni sana wakuu. Taarifa:

`XDG_SESSION_TYPE` ilikuwa wayland kweli. Nimeingia kwa Xorg, Teminali na Files zinaitika. SSL inafanya kazi baada ya vyeti, alama zimelingana. Max ya ping ilikuwa 412, baada ya kuzima power_save ikashuka hadi 61. Kisha nimeweka kebo, na mshale sasa hautofautiani na wa Windows wenyewe. Task Manager pia imetulia.

Yamebaki mawili. Nimeandika faili la mpangilio kwa mkono na kulipakia kwenye seva, sasa mshale unakwenda laptopu ila haurudi. Na nikienda kubofya alama ya X ya kufunga dirisha kwenye pembe ya juu kulia ya Windows, mshale unaponyoka kwenda laptopu. Faili:

```
section: screens
    MEZANI:
    mpakato:
end
section: links
    MEZANI:
        right = mpakato
end
```

---

Bi_Seva amejibu:

Viungo ni vya upande mmoja. `right = mpakato` inasema tu kwamba ukitoka kulia kwa MEZANI unaingia mpakato. Njia ya kurudi lazima nayo iandikwe. Ukipanga kwa kuburuta visanduku kwenye dirisha la programu, inakuandikia zote mbili. Kwa mkono ni juu yako.

Kwa pembe, tumia `switchCorners` kuzifanya zisivushe. Namba ya `switchCornerSize` ni ukubwa wa pembe kwa pikseli. Nimeongeza pia `switchDelay`, ambayo inadai mshale ukae ukingoni milisekunde 250 kabla ya kuvuka:

```
section: screens
    MEZANI:
    mpakato:
end
section: links
    MEZANI:
        right = mpakato
    mpakato:
        left = MEZANI
end
section: options
    switchCorners = none +top-right +bottom-right
    switchCornerSize = 40
    switchDelay = 250
end
```

Ukiona 250 inakuchelewesha, shusha hadi 100. Kwa maoni yangu pembe peke yake zinatosha na ucheleweshaji unaweza kuuondoa, lakini jaribu mwenyewe.

Majina kwenye faili yafanane kabisa na yale ya "Screen name" kila upande. Yasipofanana, logi ya seva itaandika "unrecognised client name" na laptopu itakataliwa kila baada ya sekunde chache. Mtu akibadilisha jina la kompyuta, hapa ndipo panapovunjika kwanza.

Kama monita ya mezani ni ndefu kuliko skrini ya laptopu, unaweza kuvusha sehemu tu ya ukingo. Kwa mfano `right(40,100) = mpakato` hutumia asilimia 60 ya chini ya ukingo wa kulia; 0 ni juu kabisa. Kwa njia hiyo mshale unavuka usawa wa macho na ile X ya juu inabaki salama bila hata kugusa pembe. Upande wa kurudi andika `left = MEZANI(40,100)`.

---

kebo_na_poti amejibu:

Kitu kingine utakachokutana nacho kwenye Xorg: kebo ikichomoka au seva ikizimwa wakati mshale uko laptopu, kibodi ya laptopu yenyewe inaweza kuacha kurudia herufi ukishikilia kitufe. Barrier huzima marudio upande wa klayenti kwa sababu seva ndiyo inayoyatuma, na ikikatika ghafla haiyarudishi. Andika `xset r on`, basi.

Na mpangilio wa kibodi uwe mmoja pande zote. Windows ikiwa Uingereza na Ubuntu ikiwa Marekani, `@` na `"` zinaweza kutoka sivyo na ukakataliwa nywila iliyo sahihi.

---

zuhura_ofisi ameuliza:

Samahani kuingilia. Mimi zote mbili ni Windows 11, moja ni kompyuta ndogo isiyo na mausi wala kibodi yake. Nifuate haya haya? Nimejaribu Barrier, inaunganishwa, vitu vinabofyeka lakini mshale wenyewe hauonekani.

---

fundi_waya amejibu:

Dada, Windows huficha mshale ikiona hakuna mausi iliyochomekwa. Mibofyo inafika, picha ya mshale ndiyo haichorwi. Chomeka mausi yoyote, hata kile kipokezi kidogo cha USB cha mausi isiyo na waya bila mausi yenyewe. Au ingia kwenye mipangilio, Accessibility, Mouse, uwashe "Mouse keys" kwenye hiyo ndogo.

Lakini kwa Windows na Windows usihangaike na Barrier. Sakinisha PowerToys ya Microsoft pande zote. Ndani yake ipo Mouse Without Borders, iliyoingizwa humo mwaka 2023 na inaunganisha hadi kompyuta 4. Kwenye ya kwanza tengeneza ufunguo mpya, kwenye ya pili andika ufunguo huo pamoja na jina la ile ya kwanza. Hutumia poti 15100 na 15101 za TCP, na kanuni ya "Public" na "Private" aliyoieleza mwenzangu inakuhusu vilevile. Faili unaloweza kunakili ni moja kwa wakati mmoja, lisizidi MB 100. Folda haipiti, ifungashe kwanza kuwa zip. Washa pia chaguo la kuiendesha kama huduma, la sivyo mausi itakwama kwenye skrini ya kufunga na kwenye yale maswali ya ruhusa ya msimamizi. Chaguo hilo halibofyeki mpaka uendeshe PowerToys kwa mamlaka ya msimamizi.

---

Bi_Seva amejibu:

@NuruYaData jambo la mwisho kuhusu Xorg. Itakuvusha muda wote utakaokuwa kwenye 22.04, na pia kwenye 24.04. Ubuntu 25.10 imeondoa kabisa sesheni ya Xorg ya GNOME (mazingira ya eneo-kazi ya Ubuntu), ile gia haina tena chaguo hilo. Barrier yenyewe haijatoa toleo jipya tangu 2.4.0 ya mwaka 2021, na waliokuwa wakiiendeleza walihamia Input Leap. Mradi mama wa Synergy, programu ambayo Barrier ilitokana nayo, sasa unaitwa Deskflow.

Deskflow na Input Leap 3 zinajua Wayland kupitia libei, yaani zinaomba ruhusa rasmi badala ya kupenya kwa XTest. Zinahitaji GNOME 46 kwenda juu, au Plasma 6.1 ya KDE. Ubuntu 24.04 ina GNOME 46, kwa hiyo huko unaweza kubaki Wayland:

`flatpak install flathub org.deskflow.deskflow`

na Windows:

`winget install Deskflow.Deskflow`

Ukiiwasha mara ya kwanza, dirisha la ruhusa litatokea kwenye skrini ya laptopu. Likubali kwa padi ya laptopu yenyewe, kwa sababu mausi ya seva haina nguvu huko mpaka ruhusa itolewe. Poti ni ile ile 24800, kwa hiyo sheria ya fayawoli uliyoweka kwa kebo inaendelea kufaa, na sehemu za `screens` na `links` unaweza kuzihamisha zilivyo. Ondoa Barrier pande zote kwanza. Zikiwa mbili zinagombania poti moja, ile iliyochelewa kuwaka haitafungua.

Ila jaribu kunakili na kubandika kabla hujahama moja kwa moja. Kwenye Wayland hiyo ndiyo sehemu iliyochelewa kukamilika kuliko zote. Kama kazi yako ya kila siku ni kuhamisha maandishi kati ya mashine hizo, Xorg yenye Barrier bado inakupa zaidi.

---

NuruYaData amejibu:

Nimetumia `right(40,100)` na `left = MEZANI(40,100)`, nikaondoa switchDelay. Unarudi vizuri, na X ya Windows haisumbui tena. Nabaki Xorg kwa sasa kwa sababu ya kunakili maandishi. Asanteni wote.